CNA (msaidizi wa muuguzi mwenye cheti) Marekani: usomee nyumba ya wazee, chuo cha jamii, shule ya haraka, au uanzie majumbani?

Swali hili haliishi kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya wa Marekani, kuanzia Minneapolis hadi Houston: "Jamani, kibali cha kazi nimeshapata, nataka CNA. Nisomee wapi?" Majibu hushuka kwa mpigo. Aliyefundishwa bure na nyumba ya wazee anamshangaa aliyetoa hela mfukoni. Aliyetoa hela anasema yeye alianza kupiga shifti huku mwenzake bado anasubiri kuitwa darasani. Wa tatu anawaambia wote wanapoteza muda, waingie kazi za majumbani. Hakuna anayedanganya. Kila mmoja anasifia njia iliyolingana na mfuko wake, ratiba yake na Kiingereza chake, na vitu hivyo vitatu huenda kwako viko tofauti kabisa.

Nimezipanga hapa njia nne kwa vigezo vilevile. Kwanza yale ambayo hayabadiliki, popote utakaposomea.

Yaliyo sawa kwa wote

CNA ni msaidizi wa muuguzi mwenye cheti. Ndugu wa nyumbani watakuita nesi hata ukikana, lakini kwa cheti hiki pekee hutoi dawa wala huchomi sindano. Unaogesha, unavalisha, unalisha, unamgeuza aliyelala kitandani asipate vidonda, unampeleka msalani, unapima presha na mapigo, unaandika alichokula na mkojo aliotoa. Wewe ndiye unayemwona mzee mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote humo ndani, kwa hiyo wewe ndiye wa kwanza kugundua kwamba leo hajamaliza uji au mguu umevimba, na kumwambia nesi mapema.

Masharti ya kazi hii yana chanzo chake. Mwaka 1986 Institute of Medicine, taasisi ya Marekani ya ushauri wa mambo ya afya, ilitoa ripoti juu ya hali ya kusikitisha ya nyumba za wazee, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria inayojulikana kama OBRA 1987. Iliweka kiwango cha chini cha nchi nzima: mafunzo ya saa 75, zikiwemo angalau 16 za vitendo chini ya usimamizi. Kabla hujamgusa mzee yeyote, lazima uwe umeshafundishwa saa 16 za mambo ya msingi: mawasiliano, kuzuia maambukizi, usalama na dharura kama mtu kukabwa na chakula, kumwachia mzee afanye mwenyewe kile anachokiweza, na haki zake. Majimbo yanaweza kuongeza saa, hayawezi kupunguza. Minnesota inataka 75, Texas 100, California 160. Ndiyo maana binamu aliyeko California na rafiki aliyeko Minnesota wanaweza kukupa muda tofauti kabisa wa kozi, na wote wakawa sahihi.

Mtihani una sehemu mbili. Ya kwanza ni maswali ya kuchagua jibu, na sheria inakupa haki ya kuomba kuyasikiliza badala ya kuyasoma. Wengi hawajui haki hii ipo, na kwa mtu ambaye Kiingereza chake cha masikio kimetangulia kile cha macho inaweza kumwokoa. Ya pili ni vitendo: unapewa kazi kadhaa, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na unazifanya mbele ya msimamizi.

Kwenye vitendo ndiko watu huanguka, na si kwa kukosa nguvu wala huruma. Kinachopimwa ni utaratibu: kubisha hodi na kujitambulisha, kunawa mikono, kufunga pazia, kushusha kitanda, kufunga breki za kiti cha magurudumu, kuacha kengele ya kuitia msaada mahali ambapo mkono wa mzee unafika. Kwa mwenye upande uliopooza, mkono dhaifu huvishwa kwanza na huvuliwa mwisho. Kwenye NNAAP, mtihani unaotumiwa na majimbo mengi, mapigo ya moyo unayahesabu dakika nzima, na namba yako isipishane na ya msimamizi kwa zaidi ya 4. Mtu aliyemuuguza bibi yake kijijini kwa miaka anaweza kushindwa hapa kwa sababu ya breki ambazo hakuzifunga, na mwenzake ambaye hajawahi kumwosha mtu akapita kwa kuwa alirudia hatua zake mpaka mikono ikazikariri.

Ukifaulu, jina lako linaingia kwenye rejista ya jimbo. Ukishindwa, sheria inataka jimbo likupe nafasi zisizopungua tatu. Ukikaa miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi ya malipo ya aina hii, unarudi kwenye mafunzo au mtihani. Na ukithibitika kumnyanyasa mzee, kumtelekeza au kumwibia, hilo nalo linaandikwa kwenye rejista, na nyumba za wazee zinakatazwa kukuajiri.

Sifa za kuingia si ngumu kama watu wanavyodhani. Sheria ya taifa haidai cheti cha sekondari, ingawa baadhi ya shule na waajiri wanakidai. Umri unategemea jimbo. Mengi yanaanzia miaka 16 au 18. Utapigwa alama za vidole na kuangaliwa rekodi ya makosa. Utaulizwa chanjo. Na utapimwa kifua kikuu, jambo ambalo kwa sisi tuliotoka Afrika Mashariki lina mtego wake. Wengi wetu tulichanjwa BCG tukiwa wachanga, na chanjo hiyo inaweza kufanya kile kipimo cha kuchoma chini ya ngozi ya mkono kionekane chanya hata kama huna maambukizi. Usibishane na mpokeaji wageni. Mwambie mhudumu ulichanjwa BCG, na uombe kipimo cha damu badala yake, kwa maana hicho hakiathiriwi na chanjo ile. Wapo waliochelewa kuanza kozi kwa kupigishwa picha ya kifua na kuzungushwa bure, kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Vigezo

Nimetumia vitano. Gharama, yaani nani analipa na kwa masharti gani. Muda na ratiba, kwa sababu mwenye watoto wadogo au kazi ya usiku hawezi kusoma saa yoyote. Ubora wa vitendo, ambao ndio unaokupitisha mtihani na kukulindia mgongo baadaye. Kiingereza, kwa maana ya kiasi gani unaweza kusaidiwa ukikwama. Na huko mbele: njia hii inakuachia wapi pa kwenda.

Kama ningelazimishwa kuchagua kimoja tu cha kukitazama kwanza, ningetazama vitendo. Watu wengi hutazama gharama.

Njia ya kwanza: nyumba ya wazee inayokufundisha yenyewe

Gharama. Sheria iko wazi hapa: ukiwa umeajiriwa na nyumba ya wazee, au umeshapewa ahadi ya kazi siku unapoanza mafunzo, hawaruhusiwi kukutoza chochote, hata vitabu. Nyingi zinakulipa mshahara mdogo wa mwanafunzi wakati unasoma. Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Marekani jembe hukabidhiwa siku ya kwanza, na kwa anayelala sebuleni kwa rafiki huku bili zikisubiri, kulipwa ukijifunza ni neema. Ila soma mkataba. Baadhi hutaka uahidi kubaki muda fulani, na baadhi huweka kifungu cha faini ukiondoka mapema. Uliza kabla ya kusaini: "Nikiondoka baada ya miezi mitatu, nitadaiwa nini?" Jibu la kuzungukazunguka nalo ni jibu.

Muda na ratiba. Kozi yenyewe ni ya wiki chache na mara nyingi ni ya mchana, siku za kazi. Kinachochelewesha ni foleni: lazima uajiriwe kwanza, uchunguzi wako ukamilike, kisha usubiri darasa lijae. Kisheria ukiajiriwa kabla ya cheti una miezi minne tu ya kukamilisha mafunzo na mtihani. Ikipita, hawawezi kuendelea kukutumia kama msaidizi wa muuguzi.

Vitendo. Hapa njia hii ina sura mbili. Uzuri wake ni kwamba unajifunza kwa wazee halisi, kwenye vitanda halisi, pamoja na watu utakaofanya nao kazi. Unajua nani anapenda kuogeshwa asubuhi na nani atakupiga kofi ukimwamsha kabla ya saa mbili. Ubaya wake unatokana na upungufu wa wafanyakazi. Mahali palipozidiwa, mwanafunzi hugeuzwa mkono wa ziada kabla hajawa tayari. Sheria inakataza kumpa mwanafunzi kazi ambayo hajafundishwa na mwalimu kuridhika kwamba anaiweza, lakini saa moja ya asubuhi, watu wawili hawajafika na kengele zinalia, anayeikumbuka sheria hiyo inabidi uwe wewe.

Kiingereza. Hutapata mwalimu wa lugha. Utapata wenzako, na kama nyumba hiyo ina Waafrika wengi, msaada wa pembeni haukosekani.

Huko mbele. Cheti ni chako, si cha mwajiri. Jina lako liko kwenye rejista ya jimbo na unaweza kwenda nalo kokote ndani ya jimbo, na majimbo mengine yana utaratibu wa kulihamisha. Baadhi ya kampuni kubwa hulipia wafanyakazi wao masomo ya uuguzi baadaye. Uliza hilo siku ya usaili, si mwaka wa pili.

Kabla hujaomba, fungua tovuti ya Care Compare ya Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa kwa wazee) uangalie nyota za nyumba hiyo, kuanzia moja hadi tano. Nyumba iliyopatikana na makosa makubwa inaweza kunyang'anywa ruhusa ya kufundisha kwa miaka miwili, kwa hiyo uliza waziwazi kama ruhusa bado wanayo.

Inamfaa asiye na akiba, anayeweza kusoma mchana, na ambaye yuko radhi kubaki mahali pamoja kwa muda.

Njia ya pili: chuo cha jamii

Gharama. Unalipa ada, pamoja na sare, vitabu, chanjo na mtihani. Kiasi hutofautiana sana baina ya majimbo na hata baina ya vyuo viwili vya mji mmoja, na wakazi wa jimbo hulipa kidogo kuliko wageni. Watu wengi hudhani Pell Grant, ruzuku ya serikali kwa wanafunzi, italipa. Kozi fupi ya CNA ikisimama peke yake kwa kawaida haifikii saa zinazotakiwa. Mlango wa kugonga ni mwingine: ofisi za American Job Center, ambazo zinagawa fedha za sheria ya WIOA ya mwaka 2014 kwa ajili ya mafunzo ya kazi. Mkimbizi aulize pia shirika lililompokea. Fedha hizi zina foleni na makaratasi, lakini zipo, na wenyeji wanazitumia.

Muda na ratiba. Chuo kina kalenda yake. Ukikosa tarehe ya kujiandikisha, unasubiri muhula mwingine. Kwa upande mwingine vyuo vingi vina madarasa ya jioni au ya mwisho wa wiki, ambayo nyumba za wazee kwa nadra huyatoa.

Vitendo. Kwa maoni yangu hapa ndipo chuo cha jamii kinapojitetea vizuri. Unaanza maabara na sanamu la mgonjwa, unakosea bila kumuumiza mtu, unarudia. Kisha unapelekwa nyumba ya wazee na mwalimu wako, ambaye hana haja ya kukutumia kuziba pengo la shifti. Kazi yake ni kukufundisha tu. Kumnyanyua mtu wa kilo 100 kutoka kitandani hadi kwenye kiti ni ufundi wa magoti, mkanda wa kiunoni na kuzungumza naye kabla ya kumgusa. Ukiujifunza vibaya wiki ya kwanza, mgongo utakukumbusha kwa miaka. Waulize CNA wa zamani wanaoishi kwa dawa za maumivu.

Kiingereza. Vyuo hivi vina madarasa ya Kiingereza kwa wageni chini ya paa lilelile. Jimbo la Washington limekwenda mbali zaidi na mpango wake wa I-BEST, ambapo mwalimu wa fani na mwalimu wa lugha au stadi za msingi wanafundisha darasa moja. Kwa Mkongo aliyesoma kwa Kifaransa na Kiswahili, akafika Kent au Tukwila na Kiingereza cha kuombea maji, huu ni mlango ambao hauko kwenye njia nyingine tatu.

Huko mbele. Ukishakuwa na namba ya mwanafunzi, kuendelea ni hatua fupi zaidi. Vyuo vingi hivyohivyo vinafundisha LPN, yaani muuguzi mwenye leseni wa ngazi ya chini ya RN, kozi ya takriban mwaka mmoja inayoishia kwenye mtihani wa leseni wa NCLEX-PN, na RN, yaani muuguzi kamili, ya shahada ya miaka miwili inayoishia kwenye NCLEX-RN. Baadhi ya programu za uuguzi zinakutaka uwe CNA kabla hawajakupokea.

Inamfaa mwenye mpango wa kufika kwenye uuguzi kamili, anayehitaji Kiingereza, au anayefanya kazi nyingine mchana.

Njia ya tatu: shule binafsi ya haraka

Humu namo Red Cross, ambayo katika baadhi ya miji inafundisha wasaidizi wa wauguzi, na zile shule ndogo zenye bango dirishani, nyingine zikiendeshwa na manesi wa Kiafrika walioona uhitaji.

Gharama. Unalipa, na mara nyingi unalipa kabla. Lakini kuna kifungu cha sheria ambacho wengi hawakijui: ukilipa mwenyewe, kisha ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza ukaajiriwa na nyumba ya wazee inayopokea Medicare au Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo), jimbo linatakiwa kuweka utaratibu wa kukurudishia gharama, kidogo kidogo kadiri unavyofanya kazi. Tunza risiti. Zote, hata ya mtihani. Ukiajiriwa, uliza ofisi ya wafanyakazi utaratibu wa jimbo lako.

Muda na ratiba. Hapa ndipo inaposhinda. Madarasa huanza mara kwa mara, huisha haraka, na kuna ya asubuhi, jioni na Jumamosi.

Vitendo. Inategemea shule, tena sana. Nzuri zina vitanda, sanamu, mwalimu aliyewahi kufanya kazi ya wazee, na mkataba na nyumba ya kufanyia vitendo. Mbaya zina projekta na kahawa. Kabla ya kutoa senti, nenda kwenye tovuti ya jimbo, tafuta orodha ya shule zilizoidhinishwa, na uhakikishe jina liko humo neno kwa neno. Kisha omba kuona chumba cha maabara. Anayekwambia kozi nzima ni ya mtandaoni hakufai: nadharia yaweza kusomwa kwenye kompyuta katika baadhi ya majimbo, vitendo haviwezi.

Kiingereza. Mwendo ni wa kasi na mwalimu hana muda wa kukusubiri. Shule zenye walimu wa Afrika Mashariki hufafanua jambo kwa Kiswahili pembeni, na hilo husaidia kuelewa. Hatari ni kuzoea, maana ukifika chumba cha mtihani msimamizi haongei Kiswahili.

Huko mbele. Mbele ya mwajiri, jina kwenye rejista ni jina kwenye rejista. Hakuna anayejali ulisomea jengo gani. Ila saa hizo kwa kawaida hazihesabiwi ukienda chuo.

Inamfaa mwenye akiba kidogo na haraka nyingi, ambaye Kiingereza hakimsumbui.

Njia ya nne: kuanzia majumbani

Hii si CNA, lakini nimeiweka kwa kuwa wengi wanachagua kati ya CNA na kazi za majumbani. Kuna HHA, msaidizi wa afya wa nyumbani, ambaye akifanya kazi na ejensi inayolipwa na Medicare anatakiwa naye mafunzo ya saa 75, zikiwemo 16 za vitendo. Kuna pia wasaidizi binafsi, wanaoitwa PCA katika majimbo kadhaa, na masharti yao huwekwa na jimbo, mara nyingi yakiwa mepesi zaidi.

Gharama. Ejensi nyingi hufundisha watu wao bure. Katika baadhi ya majimbo Medicaid inaweza hata kukulipa kumtunza ndugu yako mwenyewe, na familia zilizofika na mama mgonjwa zifuatilie hilo mapema.

Muda na ratiba. Unaweza kupanga saa zako vizuri kuliko njia nyingine yoyote. Lakini saa hizo zinategemea mtu mmoja. Mzee wako akilazwa hospitali, kazi imesimama mpaka atoke au ejensi ikupe mwingine.

Vitendo. Katika nyumba ya wazee ukikwama unaita mwenzako. Nyumbani uko wewe, mzee, na paka. Hakuna wa kukushikia upande wa pili wakati wa kunyanyua, na mashine ya kunyanyulia huenda haipo. Sipendi watu wanapoiita njia hii rahisi. Ina utulivu wake, na kuna watu wanaostawi kwa kumtunza mzee mmoja kwa miaka mpaka wakawa kama watoto wa nyumba, lakini upweke wake haukadiriwi ipasavyo.

Kiingereza. Maandishi ni machache. Mazungumzo si machache: wewe ndiye utakayepiga 911 na kueleza kilichotokea, anwani, na dawa anazotumia.

Huko mbele. Huingii kwenye rejista ya wasaidizi wa wauguzi kwa kuwa HHA, na katika majimbo mengi utalazimika kusoma tena ukitaka CNA. Chukua njia hii kama kazi ya kuanzia au kazi ya kudumu, si kama nusu ya safari ya CNA.

Inamfaa mwenye mzee au mgonjwa nyumbani, anayehitaji kupanga saa zake mwenyewe, au asiyependa kelele za nyumba ya wazee.

Sasa wewe uko wapi?

Huna akiba na kodi ya nyumba inakaribia: piga simu nyumba za wazee tatu au nne zilizo karibu na basi lako, uliza kama wanafundisha na darasa linaanza lini. Usitie moyo wote kwenye moja.

Unataka kufika RN: anza chuo cha jamii hata kama kitakuchelewesha muhula mmoja. Kama chuo hakina nafasi, soma CNA popote, fanya kazi, na usome masomo ya sayansi kidogo kidogo. Ukiwa na cheti cha sekondari kinachotambulika na Kiingereza kizuri, chunguza pia kwenda LPN moja kwa moja, ila kumbuka hutaweza kulipwa kama CNA huku unasoma bila kuwa CNA kwanza.

Una watoto na mwenzako anafanya kazi mchana: shule ya haraka yenye darasa la jioni, au chuo. Baada ya hapo shifti za nyumba za wazee mara nyingi ni saa moja asubuhi hadi tisa alasiri, tisa hadi tano usiku, na tano usiku hadi asubuhi. Panga na mwenzako kabla, si baada ya kuajiriwa.

Umefika karibuni kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma na Kiingereza bado: darasa la lugha kwanza, tena lile linalohusishwa na kazi kama lipo. Mtihani hausubiri, lakini pia haukimbii, na mzee anayekwambia kifua kinambana lazima umwelewe.

Ulikuwa muuguzi Tanzania au Kenya: usikimbilie kukaa darasani saa 75 kabla ya kuuliza. Majimbo kadhaa yanamruhusu aliyesomea uuguzi nje kwenda kwenye mtihani wa CNA moja kwa moja, na Florida inaruhusu hata asiye na mafunzo ajaribu mtihani. Hata hivyo, tafuta mtu akufundishe hatua za vitendo, kwa sababu uzoefu wa wodini Muhimbili hautakukumbusha breki za kiti. Wakati huohuo anzisha uhakiki wa vyeti vyako kwa ajili ya leseni ya RN. Wauguzi waliosema "nitaanza mwakani" wakaishia miaka kumi kwenye CNA ni wengi mno.

Uko na viza ya mwanafunzi: kusoma si kufanya kazi. Zungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako kabla ya kupokea shifti yoyote nje ya chuo.

Bado uko Dar, Mombasa au Bujumbura: cheti cha msaidizi wa muuguzi cha huko kinaweza kukufaa hukohuko, lakini hakikuingizi kwenye rejista ya jimbo lolote la Marekani, na hakikupi viza. Wakala anayekuuzia "CNA pamoja na safari" muulize ni aina gani ya viza na mwajiri ni nani, kwa maandishi. Kama uko Tanzania na una kidato cha nne chenye ufaulu wa masomo manne, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia, stashahada ya uuguzi na ukunga ya miaka mitatu itakufungulia milango mingi zaidi, nyumbani na nje, kuliko kozi yoyote fupi utakayolipia kwa matumaini ya ndege. Maombi yake hupitia mfumo wa udahili wa NACTVET, baraza la Tanzania la elimu na mafunzo ya ufundi, na orodha ya vyuo vinavyotambulika iko kwenye mwongozo wao wa kila mwaka.